Kruzi na mtoto wa miaka miwili, hesabu yake si ya ndege

Watu wengi wa huku Houston wakisikia tumeenda kruzi, yaani safari ya starehe ya melini, na mtoto mdogo swali la kwanza ni hela mmetoa wapi, na la pili, ambalo ndo limenifanya niandike, ni kwa nini hatukwenda kabla hajatimiza miwili wakati mtoto ni bure. Jamani, hiyo bure ni ya ndege. Kwenye ndege za ndani ya Marekani mtoto wa chini ya miaka miwili unampakata halipi kitu, ndo maana kila mzazi anakimbizana na birthdei ya pili. Kwenye meli hamna kupakata. Mtoto wa miezi sita ana tiketi yake, ana jina lake kwenye orodha, kodi za bandari analipa sawasawa na baba yake, sababu ana nafasi yake kwenye boti la kuokolea watu na hiyo nafasi hakuna mwingine anaweza kuikalia.

Hilo la boti lishike maana linaingia kwenye bei kuliko unavyofikiri. Meli ina vyumba vya kulala watu wanne, sawa, lakini jumla ya watu haiwezi kuzidi nafasi za uokoaji, na kila upande wa meli una hesabu yake. Sasa ikifika wiki chache kabla ya safari unaona ofa za ajabu mtandaoni, chumba cha watu wawili bei ya kutupa, unaongeza jina la mtoto halafu mashine inakwambia hakuna chumba. Vyumba vipo! Kilichoisha ni nafasi ya mtu wa tatu. Kwa hiyo ile mbinu wanayopeana watu kwamba subiri dakika za mwisho ndo bei inashuka, ni mbinu ya wachumba na wastaafu. Mwenye familia abuku mapema, achague ile bei ambayo depoziti inarudishwa, alipe kidogo kidogo, na kila wiki mbili tatu aingie kuangalia kama bei imeshuka apige simu warekebishe. Sisi tulifanya hivyo na ilishuka, si sana, lakini hela ya pampasi ilitoka hapo.

Mama yangu yuko Mwanza. Nilipomwambia tunapanda meli na mjukuu wake alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani data imekata. Mtu wa Mwanza ukimtajia meli kichwani kwake inakuja MV Bukoba iliyozama Mei 1996, hata kama unamwongelea meli ya Texas yenye ghorofa kumi na kitu, na nyumbani kwetu hilo jambo halizungumzwi kwa sauti kubwa kwa sababu majirani wawili hawakurudi. Akasema, "Mwanangu, kama ni kutembea si mtembee nchi kavu?" Nikamweleza hii habari ya kuhesabiwa, kwamba hata mtoto mchanga ana kiti chake kwenye boti, na kiti kikiisha hawauzi tena. Akauliza, "Yaani wakijaa wanakataa hela?" Nikamwambia wanakataa mama. "Haya basi, nendeni, ila nipigieni mkifika." Tangu siku hiyo, ile hela ya mtoto sikuinung'unikia tena.

Turudi kwenye miaka miwili. Sisi tulisubiri atimize, makusudi. Klabu za watoto melini ziko ndani ya bei ya tiketi lakini kila kampuni ina umri wake. Carnival wanaanza miaka 2, na hawajali kama bado anavaa pampasi, unawaachia begi lake wanambadilisha wenyewe. Royal Caribbean na Norwegian klabu ya bure ni kuanzia 3, na kule Royal Caribbean lazima awe ameshaacha pampasi. Wadogo zaidi kuna chumba cha kulelea watoto kwenye baadhi ya meli ila unalipa kwa saa. Sasa piga hesabu: mtoto wa miezi ishirini na mbili anakuja kukaa na wewe asubuhi mpaka usiku, na mtoto yule yule baada ya miezi miwili anakaa klabu mpaka saa nne usiku bila kulipia (baada ya saa nne wanatoza kwa saa). Kweli kuna afueni kidogo ya wale wa chini ya miwili, Carnival hawawatozi tipu, ile bakshishi ya wahudumu, na tipu wakati tunaenda sisi ilikuwa dola 16 kwa kichwa kwa siku, kwa safari ya siku 5 ni dola 80. Mimi dola 80 nilizilipa kwa moyo mweupe. Nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, mwenzangu anaendesha lori, kukaa mezani sisi wawili tukala chakula kikiwa cha moto ni kitu ambacho tulikuwa tumekisahau.

Siku ya kwanza alilia, siwadanganyi, alishika mguu wangu kama anapelekwa polisi. Siku ya pili akakuta kuna meza ya maji na madogo wenzake, hata kwaheri hakuniaga.

Kuhusu meli gani: chukueni ya zamani zaidi na iliyo karibu na nyumbani. Hizi mpya zina slaidi na treni za juu kwa juu na sijui nini, na ile bei yake ndo unalipia hivyo vitu, ambavyo mtoto wa miaka miwili hafiki hata kimo cha kuruhusiwa. Kwake lifti ni burudani, ngazi ni burudani, mhudumu anayemkunjia taulo likawa tembo ni burudani ya mwaka mzima. Sisi Houston tunayo bahati ya Galveston, bandari iko kama maili 50 tu kutoka mjini, hamna ndege hamna hoteli ya kulala kabla. Jamaa yetu alitushusha getini na gari letu likabaki nyumbani, maana kuegesha pale ni zaidi ya dola 20 kwa siku kwenye maegesho mengi. Kama unaishi Minnesota au Ohio na unataka kwenda kupandia Florida, jumlisha kwanza tiketi za ndege za watu watatu (huyo wa miwili sasa analipa kiti, ona mambo yanavyogeuka) na hoteli, unaweza kukuta kruzi yenyewe ndo kitu cha bei ndogo kwenye safari nzima.

Ukiwa huna mtoto anayesoma, hazina yako ni kalenda. Walio na watoto wa shule wanagombania machi na kiangazi na Krismasi, wewe nenda mwishoni mwa Januari au mwanzo wa Februari, au Septemba. Septemba ni msimu wa vimbunga, unaanza Juni mosi mpaka Novemba 30, meli haiendi kuvifuata inabadilisha njia, lakini unaweza kulipia Cozumel, kile kisiwa cha Meksiko, ukapelekwa kwingine. Sisi tukachagua Februari. Wenzetu walituonya kwamba siku ya kwanza na ya mwisho Ghuba ya Meksiko inakuwa na baridi na upepo huwezi kuogelea. Nikawaambia mtoto wangu bwawani haingii hata kukiwa na jua, na hapa nieleze vizuri kwa sababu wazazi wengi inawashtukiza wakiwa tayari melini: mwenye pampasi haruhusiwi kwenye bwawa wala jakuzi, ni sheria ya afya, na zile pampasi za kuogelea nazo hazikubaliki. Kuna meli chache zenye kijisehemu cha maji maalumu kwa hao, kama kwako kuogelea ndo safari basi tafuta hizo, utalipa zaidi. Sisi tulibeba beseni, lile la plastiki la kujaza upepo. Chumba cha bei ya chini kina shawa tu, tena pazia lake linakung'ang'ania mwilini, mtoto wetu anaogopa maji ya juu. Beseni tukaliweka chini ya shawa, anakaa na vikombe vyake nusu saa, hilo ndo likawa bwawa lake. Beseni la dola 15.

Chumba tulichukua cha ndani, kisicho na dirisha, katikati ya meli ghorofa ya chini ambako meli haiyumbi sana. Watu wanakuuzia balkoni kwamba mtoto akilala mtakaa nje mnaangalia bahari. Na mimi naangalia bei, halafu naangalia huyu binti anayepanda kabati la televisheni nyumbani, nikasema balkoni hapana. Chumba cha ndani ukizima taa ni giza la kaburi, mtoto alilala mchana saa mbili mfululizo, kitu ambacho kwangu hakijawahi kutokea. Kitanda cha mtoto wanakuletea bure ila uombe mapema ulipobuku, na kikishafunguliwa chumba kimeisha, unatembea kwa kuruka. Ishu ni jioni, mtoto kalala saa mbili usiku na nyie mmekaa gizani mnanong'ona. Kumbe kuta za chumba ni za chuma! Nilikuwa nimebeba ndoano za sumaku nikatundika kanga zangu mbili kuanzia kwenye kabati mpaka ukutani, kitanda chake kikawa na chumba chake, sisi huku na taa ndogo. Mhudumu alikuja asubuhi akaisifia akauliza hiki kitambaa kinatoka wapi. Nikamwambia Tanzania, akasema yeye ni wa Ufilipino, kwao pia kuna mambo ya namna hiyo.

Tena na kigari cha mtoto: chukua kile cha kukunja kinachokuwa kama mwavuli. Milango ya vyumba ni myembamba na huruhusiwi kukiacha koridoni, ni sheria ya moto. Wale waliokuja na vigari vya kifalme nilikuwa nawaonea huruma kwenye lifti.

Chakula ndo nilikuwa na wasiwasi nacho kuliko vyote sababu huyu mtoto ni wa uji. Birika la umeme haliruhusiwi melini, wanalinyang'anya wakati wa kukagua mizigo, pasi vilevile, na chakula ulichopika nyumbani hakipiti. Vilivyofungwa dukani na maziwa ya kopo ya mtoto hakuna tatizo. Kwa hiyo unga wa ulezi niliuacha. Asubuhi kwenye bafe kulikuwa na uji wa oti, naongeza maziwa mpaka uwe mwepesi, naponda ndizi mbivu, nakoroga, anakunywa. Mchana na jioni kulikuwa na wali kila siku Mungu ni mwema, kuku wa kuchemsha, maharage, tikiti. Mezani chagua zamu ya mapema, saa kumi na moja na nusu hivi, ya pili inaanza wakati mtoto ameshaanza kulia usingizi. Usiku omba wakupe vipaketi vya maziwa viwili uweke kwenye kifriji chumbani, hawakatai. Na mikono, kunawa kwa sabuni si ile dawa ya kupaka tu, maana yale matumbo ya kuharisha yakiingia melini yanazunguka, na mtoto anayelamba kila kitu ndo wa kwanza.

Pampasi beba za siku zote na za ziada za siku mbili. Duka la melini kama wanazo basi saizi si yako na bei utajuta. Hizo na nguo za kubadilisha na dawa ya homa weka kwenye begi la mkononi, kwa sababu mabegi makubwa mnayatoa bandarini asubuhi na yanaweza kufika chumbani jioni kabisa.

Pesa zinakovuja ni huku. Picha, wanakupiga kila kona na mtoto kapendeza halafu wanataka uinunue, sisi tulipiga na simu. Vinywaji, yale makubaliano ya kunywa utakavyo kwa siku, mara nyingi mtu mzima mmoja akinunua na mwenzake wa chumba hicho lazima anunue, na sisi hatunywi hivyo. Maji, chai na juisi ya asubuhi ni bure. Intaneti hatukununua, simu zote tuliziweka kwenye hali ya ndege toka tunaondoka bandarini, usipofanya hivyo simu inajiunga na mnara wa meli na bili yake ni balaa. Na ziara za nchi kavu, mtu anakuuzia dola 90 kwa kichwa kwenda kuangalia magofu ya Wamaya saa mbili kwenye basi kwenda na mbili kurudi, na mtoto wa miaka miwili. Hapana.

Cozumel tulishuka, tukatembea pale pale karibu na gati, akafukuza njiwa, tukapata intaneti ya bure mgahawani nikampigia mama kama nilivyoahidi, tukarudi melini mchana wakati meli tupu, lifti hazina foleni. Progreso, bandari nyingine ya Meksiko, ndo niliipenda. Gati la pale ni refu sana, kilomita 6 na ushee limeingia baharini sababu maji ya pwani hiyo ni mafupi, meli inasimama huko mbali na kuna mabasi ya bure yanawapeleka mjini. Kwa binti yetu hilo basi juu ya bahari ndo lilikuwa safari yenyewe, tulienda, tukakaa ufukweni, tukala samaki wa kukaanga kwa bei ya kueleweka, mchanga ukaingia kila mahali, tukarudi na basi. Nadhani kwa hela yote ya siku ile hatukufika dola 40.

Sasa makaratasi, na hapa naomba msome taratibu. Safari inayoanzia na kuishia bandari ile ile ya Marekani, raia wa Marekani mtoto chini ya miaka 16 anaweza kusafiri na cheti cha kuzaliwa bila pasipoti. Cheti kiwe kile cha serikali, si kile chenye alama za miguu walichowapa hospitali kama zawadi. Sisi wenye grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, tulibeba grinikadi na pasipoti zetu za Tanzania, na Meksiko hawadai viza kwa mwenye grinikadi. Mzazi akisafiri peke yake na mtoto abebe barua ya mwenzake iliyopigwa muhuri wa mthibitishaji, na kama ni shangazi anamchukua naye abebe barua ya wazazi. Lakini wewe ambaye bado unasubiri, umeomba hifadhi au umejaza fomu za kubadili hadhi na kadi haijatoka, meli ikigusa Meksiko umetoka Marekani. Haijalishi kwamba ulirudi Galveston na begi lako. Bila kibali cha kutoka unaweza kukuta ombi lako limefutwa au mlango umefungwa. Namjua mtu alikuwa ameshalipa ndo akaenda kumuuliza mwanasheria wake, akaambiwa usithubutu, akaomba hela yake akarudishiwa nusu. Muulize mwanasheria kabla ya kulipa, si baada.

Na bima. Zahanati ya melini ni ya kulipia, bima nyingi za kazini hazifanyi kazi kule, na kumtoa mgonjwa baharini kwa helikopta ni hela ya kuuza nyumba. Tulinunua bima ya safari ya watu watatu nje ya kampuni ya meli, ikawa nafuu kuliko ile waliyotuwekea kwenye bili.

Mwishoni jumla yetu, nauli, kodi za bandari, tipu, bima, ikakaa kwenye dola elfu moja na mia nne na kitu. Ungeniambia chumba, milo mitatu na mtu wa kukaa na mtoto kwa hela hiyo pale Galveston mjini nisingekubali kama inawezekana.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni ukungu. Januari mpaka Machi ukungu unashuka pale mlango wa bandari na wanafunga njia ya meli mpaka uondoke. Siku ya kurudi tulikaa nje ya bandari tunasikia honi tu, asubuhi ikawa mchana, klabu ya watoto imeshafungwa, vyumba wanataka kusafisha, watu wamejazana kwenye ngazi na mabegi. Mwenzangu alikuwa ameomba siku moja zaidi ya likizo, hilo lilituokoa, wengine walikuwa wanawapigia mabosi wao simu na wengine ndege zimeshawaacha. Zile pampasi za ziada ziliisha hapo.

Mdogo wangu yuko Dallas naye sasa anataka, ana mtoto wa miezi tisa na yuko peke yake. Nimemwambia umri unaruhusu, miezi sita inatosha kwa safari hizi fupi, ila wakienda wawili tu mtoto analipa bei kamili ya mtu wa pili kama mtu mzima, ile nafuu ni ya mtu wa tatu na wa nne chumbani. Kwa hiyo amtafute shoga yake mwenye mtoto wachukue chumba kimoja, watu wazima wawili na watoto wawili, na wabuku sasa hivi kwa ajili ya Februari kabla nafasi za wanne hazijaisha. Amesema shoga anaye, ila anakoroma.